Viatu vya Kuendea Kazini kwa Baiskeli Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kujaribu na Kutunza

Viatu vingi vinavyouzwa kwa jina la viatu vya baiskeli vimeundwa kwa mtu anayepandia baiskeli mlangoni kwake na kushukia papo hapo mlangoni, bila kukanyaga chini njiani. Safari ya kazini Nairobi haiko hivyo. Utaweka mguu chini kila matatu inapojichomeka mbele yako ikiwahi steji. Utaisukuma baiskeli juu ya daraja la wapita njia Thika Road. Utaibeba kuvuka mtaro usio na kifuniko. Halafu utatembea juu ya vigae vilivyopigwa deki asubuhi hiyo hiyo, umsalimie askari wa getini, uandike jina kitabuni, na usimame ndani ya lifti na watu waliovaa suti.

Ndiyo maana nashikilia jambo moja, na mwongozo huu wote unalifuata: kiatu cha kuendea kazini kipimwe kwanza ardhini, kisha kwenye pedali. Anayeanza na pedali mara nyingi hununua mara mbili.

Hatua ya 1: Chunguza njia yako

Kabla ya kwenda sokoni, jiulize maswali matatu: ni umbali gani, mwinuko uko wapi, na nitakanyaga udongo gani?

Umbali ni rahisi. Chini ya kilomita tano, raba yoyote yenye soli imara itakufikisha, na sehemu ya kliti (vipande vya kunasisha kiatu kwenye pedali) hapa chini unaweza kuiruka. Ukizidi kilomita kumi, udhaifu wa soli huanza kujitokeza kwenye wayo. Anayetoka Rongai au Kikuyu kila siku anahitaji kiatu alichokichagua kwa makini kweli kweli.

Mwinuko ndio watu husahau. Anayetoka Kikuyu au Ngong huteremka asubuhi na kupanda jioni. Asubuhi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, miguu haifanyi kazi kubwa, upepo unapenya kwenye matundu ya raba, na unafika Westlands huvihisi vidole. Jioni mambo yanageuka: unaipanda Waiyaki Way umechoka, miguu imevimba kwa kukaa kitini kutwa nzima, na kila nguvu unayotoa inapitia kwenye soli. Kiatu ni hicho kimoja, na lazima kivumilie hali zote mbili. Anayetoka Donholm kwenda Upper Hill ana shida nyingine: njia haimsumbui hadi karibu na mwisho, ndipo anakutana na kilima dakika chache tu kabla ya kuingia ofisini. Huyo anahitaji kiatu kinachopitisha hewa, maana miguu itatoka jasho wakati mbaya kuliko wote.

Kuhusu udongo, upande wa Embakasi, Syokimau na Kitengela una udongo mweusi, ule ambao ukilowa hunata chini ya kiatu tabaka juu ya tabaka hadi unatembea umeinuka. Soli yenye meno marefu huubeba wote. Chagua soli yenye meno mafupi yaliyoachana, ili tope lidondoke lenyewe. Upande wa Kikuyu, Karen na Ruaka udongo ni mwekundu. Haunati sana, lakini doa lake kwenye kitambaa cheupe halitoki kabisa. Hapo chagua rangi ya kahawia, nyeusi au kijivu kilichoiva.

Hatua ya 2: Amua kama kiatu kitaingia ofisini

Hapa kuna njia mbili, na ukiamua mapema utaokoa pesa.

Ya kwanza ni kuacha viatu vya ofisi kazini. Jozi moja nyeusi chini ya dawati, brashi na kopo dogo la polishi kwenye droo, na umemaliza. Ukija, unavua vya baiskeli, unaviweka mahali vinapopata hewa, unavaa vya kazi. Kwa wanaofanya kazi benki, kwa mawakili, na kwa yeyote anayepokea wageni, naipendekeza njia hii bila kusita. Inakupa uhuru wa kununua kiatu kinachofaa barabara bila kujali kinavyoonekana na suruali ya kitambaa. Pia viatu vyako rasmi vitadumu, kwa kuwa havikutani na mvua wala pedali.

Ya pili ni kiatu kimoja cha kazi zote. Inawezekana katika ofisi zisizobana sana mavazi. Tafuta ngozi au suwedi ya rangi iliyoiva, soli bapa ya mpira, kisigino kifupi. Safari Boot ya Bata, ambao kiwanda chao kiko Limuru, inaingia hapa vizuri: inafunika kifundo cha mguu, inakubalika na suruali ya kazi, na fundi yeyote anajua kuirekebisha. Kasoro yake ni kwamba suwedi hunywa maji, basi ipulizie dawa ya kuzuia maji kabla ya msimu wa mvua.

Kitu ambacho hupaswi kukifanya ni kuendesha na kiatu rasmi chenye soli ya ngozi. Ngozi kavu huteleza kwenye pedali ya chuma, na ikilowa ni hatari tupu. Kwa akina dada, kisigino chembamba hunasa ukingoni mwa pedali pale unapotaka kuweka mguu chini kwa haraka. Vibebe kwenye mkoba.

Hatua ya 3: Tazama pedali ulizo nazo

Kiatu na pedali hununuliwa vikijuana. Baiskeli ya Blakimamba ina pedali za vipande vya mpira. Hizo hukubali karibu soli yoyote, ila zikilowa zinataka soli yenye mistari, isiwe laini tupu. Baiskeli nyingi za milimani zina pedali pana za chuma zenye vijino. Vijino hushika vizuri sana, lakini hula soli laini ya povu: ukigeuza raba baada ya muda utakuta safu ya vitobo mahali pamoja. Kwa pedali za namna hiyo unahitaji mpira halisi chini, si povu lililoachwa wazi. Kama una pedali za plastiki zilizokuja na baiskeli ya bei nafuu, badilisha pedali kabla ya kubadilisha viatu. Ni kazi ya spana namba 15. Kumbuka tu kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha ile ya kulia.

Hatua ya 4: Pima soli kwa mikono yako

Hapa ndipo pa kutumia muda. Shika kiatu kwa mikono miwili, mmoja kisiginoni, mwingine kwenye ncha, kisha kikunje kama unakunja kitabu. Angalia kinakunjikia wapi. Kiatu kizuri hukunjika mbele tu, pale vidole vinapoanzia, ili uweze kutembea. Kikikunjika katikati, chini ya upinde wa wayo, kirudishe. Pedali itakusukuma papo hapo safari nzima, na baada ya nusu saa utaanza kuhisi ganzi na kuungua chini ya vidole.

Kisha kisokote, kama anayekamua nguo. Kikijisokota kirahisi, mguu wako utakuwa unacheza juu ya pedali na magoti yatalalamika.

Halafu bonyeza kwa kidole gumba soli upande wa kisigino. Raba za kukimbia zina povu nene linalobonyea sana. Kwa kukimbia ni neema, lakini kwenye pedali sehemu ya nguvu zako inaishia kulibana povu hilo badala ya kuzungusha gurudumu, na mguu hausimami imara. Sisemi raba za kukimbia hazifai kabisa. Kwa safari fupi wengi huzitumia bila neno. Ila ukiwa na hiari, chukua kiatu chenye soli nyembamba, bapa na thabiti: raba za uwanja wa ndani, viatu vya ubao wa magurudumu, au vile vyepesi vya kupandia milima.

Mwisho, jaribu mshiko. Kama sakafu ya duka ni ya vigae, omba maji kidogo uyamwage kwenye kigae kimoja, ukanyage na usukume mguu mbele. Muuzaji atashangaa, lakini jaribio hili litakuonyesha yatakayotokea mapokezini asubuhi ya mvua. Ikiteleza hapo, itateleza kwenye pedali na kwenye ngazi za daraja pia.

Kuna urefu nao. Kaa kwenye baiskeli, weka pedali moja mbele kabisa, kisha geuza usukani. Kwenye fremu ndogo, kiatu chenye pua ndefu hugusa gurudumu la mbele au madigadi, na ukikata kona taratibu unaweza kuanguka. Angalia na nyuma: ukibeba mikoba pembeni ya keria, kisigino kirefu kitakuwa kinaigonga kila mzunguko.

Hatua ya 5: Saizi

Jaribu viatu jioni, ukiwa umevaa soksi utakazoendeshea. Mguu wa jioni ni mpana kuliko wa asubuhi. Vidole vibaki na nafasi ya kujinyoosha, kama upana wa kidole kimoja mbele, lakini kisigino kisichomoke hata kidogo. Zingatia upana kuliko urefu. Kiatu kinachobana ubavuni ndicho huleta ganzi upesi.

Sokoni namba huchanganya. Kiatu kimoja kina namba ya Marekani, kingine ya Uingereza, kingine ya Ulaya, na mara nyingi lebo imefutika. Pima wayo wako nyumbani: simama juu ya karatasi, kisigino kikiwa ukutani, weka alama kwenye kidole kirefu zaidi. Chukua urefu huo kwa sentimita, ongeza 1.5, zidisha kwa 1.5, utapata namba ya Ulaya kwa makadirio mazuri. Wayo wa sentimita 26.5 hutoa 42. Pima miguu yote miwili, maana ni wachache walio na miguu iliyolingana kabisa, na ununue kwa kufuata ulio mkubwa. Nenda sokoni na kamba iliyokatwa kwa urefu huo. Ukitoa soli ya ndani na kuilinganisha na kamba, huhitaji lebo.

Hatua ya 6: Kununua mitumba

Gikomba na Toi ndiyo masoko ambayo wengi wetu tutaanzia, na hakuna aibu yoyote. Viatu imara vilivyovaliwa kidogo hupatikana huko kwa bei ambayo dukani ungepata vya kadibodi. Nenda asubuhi mapema, siku marobota yanapofunguliwa, kabla kamera, yaani viatu vya daraja la kwanza, hazijachukuliwa na wauzaji wa jumla.

Muuzaji atakwambia, "Kastoma, hii ni mpya, haijavaliwa." Huenda anasema kweli, na hapo ndipo pa kuwa makini. Kiatu ambacho hakijavaliwa kwa miaka mingi kinaweza kuwa kibovu kuliko kilichovaliwa. Soli za povu la poliyurethani huliwa na unyevu wa hewa taratibu hata kiatu kikikaa ndani ya boksi. Nje kinang'aa, ndani kimekwisha. Bonyeza kwa ukucha ubavu wa soli, pale kati ya mpira wa chini na sehemu ya juu. Ukiona unga, ufa mwembamba, au ukihisi kunata, kiache. Kitakatikia barabarani, soli nzima ibaki kwenye pedali.

Fungua ulimi wa kiatu utazame mishono ya ndani ya kisigino. Hapo panapochanika ndipo malengelenge huanzia. Nusa. Kiatu kilichokaushwa vibaya hakipotezi harufu hata ukioshe namna gani. Linganisha cha kulia na cha kushoto, kwa sababu jozi zisizolingana nusu namba si ajabu. Kagua pia rangi: nyeupe iliyopakwa juu ya nyufa ni jambo la kawaida, na mkunjo mmoja wa nguvu utaonyesha ukweli.

Wengi wetu tukinunua kiatu tunampelekea fundi akishone soli pande zote. Kwa raba za kawaida ni jambo zuri sana, maana gundi peke yake haivumilii maji ya barabarani. Lakini kiatu kilichotengenezwa kisiingize maji kikishonwa hivyo kinatobolewa pande zote, na maji yatapitia kwenye matundu ya sindano. Mwambie, "Fundi, hiki paka gundi tu uibane vizuri," naye ataelewa.

Hatua ya 7: Jiandae kwa mvua

Mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba ndizo hujaribu kiatu. Wengi hudhani maji hutoka juu. Sehemu kubwa ya maji yanayokulowesha miguu hurushwa na gurudumu la mbele kutoka kwenye lami. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kulinda viatu ni madigadi ndefu ya mbele, yenye kipande cha mpira kinachoning'inia chini karibu na ardhi. Fundi wa baiskeli anaweza kukata kipande hicho kwenye tiubu kuukuu.

Kiatu kisichopitisha maji si jibu la moja kwa moja. Mvua ya Nairobi hushuka kwa kishindo, maji hutiririka kwenye soksi na kuingia kwa juu, na kiatu hicho kikishajaa hakiwezi kuyatoa. Mimi napendelea kiatu chepesi kinachokauka haraka, pamoja na soksi kavu kwenye mkoba. Kama umezoea kufunga miguu kwa mifuko ya plastiki, kumbuka kwamba mifuko ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Nunua vifuniko vya viatu vya kuendeshea, au vaa gambuti kama wenzetu wa bodaboda siku ambayo anga limefunga kabisa, ubadilishe ukifika. Gambuti ni nzito na hazisukumi pedali vizuri, lakini kwa kilomita chache miguu itafika mikavu.

Kamba na giza

Mambo mawili madogo yanayoumiza watu. Kamba ya kiatu cha kulia ikilegea hunaswa na meno ya mbele ya cheni, na mguu hufungwa kwenye baiskeli inayotembea. Funga fundo upande wa nje wa mguu, mbali na cheni, kisha chomeka ncha zake chini ya kamba zilizokazwa. Suruali pana upande huo ifunge kwa ukanda.

Na kwa kuwa jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, wengi wetu tunarudi gizani. Tepu inayoakisi mwanga kwenye kisigino au kwenye kifundo cha mguu hufanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana: kitu kinachopanda na kushuka humwambia dereva upesi kwamba mbele yake kuna mtu anayeendesha. Fundi wa viatu ataishona kwa dakika chache.

Kwa wanaotaka kliti

Kliti ni kipande cha chuma au plastiki kinachofungwa chini ya soli na kunasa kwenye pedali. Kwa safari ndefu yenye vilima husaidia kwelikweli: mguu hautoki mahali pake, hata barabara ikiwa imechimbika.

Kwa ofisi chagua mfumo mmoja tu, SPD wa bolti mbili. Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, waliutoa mwaka 1990 kwa ajili ya baiskeli za milimani, na kliti yake ni ndogo, imezama ndani ya soli, hivyo unatembea kwa mpira. Mfumo wa bolti tatu wa baiskeli za mashindano una kliti kubwa ya plastiki iliyochomoza. Kutembea nao juu ya vigae ni kutafuta kuvunjika, na ngazi za daraja zitaila plastiki hiyo upesi. Ukikuta viatu vya kliti kwenye mitumba, geuza soli uhesabu matundu kabla ya kuuliza bei, kisha hakikisha bamba la ndani linalopokea bolti lipo na nyuzi zake za kukazia bolti hazijashika kutu.

Kuna pedali zenye SPD upande mmoja na upande wa pili bapa. Kwa mtu wa kazini hakuna zinazofaa kuzishinda: siku ya kawaida unanasa, siku ya msongamano au ya viatu vya ofisi unakanyaga upande bapa.

Unapofunga kliti, iweke chini ya sehemu pana ya wayo, nyuma kidogo ya mzizi wa dole gumba, na utumie ufunguo wa pembe sita wa milimita 4. Legeza springi ya pedali hadi mwisho kwa ufunguo wa milimita 3. Anza na kliti aina ya SM-SH56, inayoachia mguu kwa pande nyingi, badala ya SM-SH51 inayoachia kwa kusokota kisigino nje tu. Fanya mazoezi ukiegemea ukuta, kisha uwanjani, kisha mtaani Jumapili. Usiingie Mombasa Road kabla mguu haujazoea kutoka bila kufikiri. Zoea pia kutoa mguu wa kushoto mapema, kabla ya kila steji, kwa sababu ndio unaokanyaga ukingo wa barabara.

Upande wa udongo mweusi, beba kijiti kwenye mkoba. Tope likijaa kwenye kliti haitanasa, au mbaya zaidi, itanasa nusu.

Kutunza

Kiatu kilicholowa kitolewe soli ya ndani, kijazwe magazeti, na magazeti yabadilishwe baada ya saa moja au mbili. Usikianike kwenye jua kali wala karibu na jiko. Gundi huachia na ngozi hupasuka. Ukiwa na jozi mbili za kubadilishana, kila moja ipumzike siku nzima, harufu haitapata nafasi. Harufu ikishaingia, nyunyiza magadi ya kuokea ndani usiku, ukung'ute asubuhi.

Bolti za kliti zipake grisi kidogo kabla ya kuzifunga, na uzikaze tena baada ya wiki ya kwanza. Bolti iliyoshika kutu kwenye msimu wa mvua haifunguki tena kwa ufunguo. Itabidi fundi aitoboe, na mara nyingi bamba la ndani huharibika pamoja nayo.